Klementina na Mchujo wa Mbeya

Klementina alizaliwa Mazwi, Sumbawanga mjini, kitinda mimba wa mama Avelina aliyeuza togwa na maandazi karibu na stendi. Hakuwa na umbo la mkimbiaji. Alikuwa mfupi, miguu imejaa, na shuleni wenzake walimcheka alipojiandikisha mbio ndefu. Lakini mwalimu wao wa michezo, Mwalimu Polikarp, aligundua jambo: Klementina akishashika mwendo, mwendo ule haubadiliki mpaka mwisho.

Minza alikuwa kinyume chake. Baba yake, mzee Masunga, alikuwa Msukuma aliyehamia Ilemba, katika bonde la Rukwa, na ng'ombe wake, akamleta binti bweni mjini akiwa hajui neno hata moja la Kifipa. Alikuwa mrefu, mwepesi, mwenye kasi ya kutisha, ila hakujua kuipanga. Filimbi ikilia anachomoka kama aliyevamiwa na nyuki. Nusu ya safari pumzi zimekwisha.

Mwalimu akawaunganisha.

"Wewe Minza, usitazame mbele. Tazama mgongo wa Klementina tu. Mzunguko wa mwisho ndipo umpite."

Basi ikawa hivyo. Asubuhi za Juni, upepo wa Ufipa ukikata masikio, wasichana hao wawili walionekana katika barabara za vumbi kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mfupi mbele, mrefu nyuma. Walilala kitanda cha juu na cha chini. Wakala sahani moja. Kwenye mashindano ya mkoa Minza akawa wa kwanza, Klementina wa pili, na wote wawili wakaitwa kwenye mchujo Mbeya, ambako wangechaguliwa vijana wa timu ya taifa.

"Mimi sitachaguliwa," Klementina alimwambia. "Nitakwenda kukuvuta wewe."

"Usije ukaniacha, Kle."

"Nikuache niende wapi?"

Walikuwa wamemaliza kidato cha nne, wanasubiri matokeo. Katika kusubiri huko Klementina akajiunga na darasa la kompyuta parokiani, kwa kijana mmoja aitwaye Leonsi. Alikwenda kwa kupoteza muda tu, lakini alipoandika maagizo yake ya kwanza na mashine ikayatii, alisahau hata kula. Leonsi akaona kipaji. Duka moja la mbegu na mbolea lilipotafuta mtu wa kulitengenezea programu ya kutunza hesabu za bidhaa, akamtaja yeye.

Mwenye duka, bwana Fabiani, hakuwa mtu wa kubembeleza. "Nafunga duka Jumamosi hii tu ili uhesabu bidhaa na kuiweka programu. Ukishindwa, nampa mwingine."

Jumamosi hiyo ndiyo iliyokuwa ya mchujo.

Klementina angeweza kwenda kumwambia Minza. Minza alikuwa kwa shangazi yake, mitaa michache tu kutoka Mazwi. Klementina alitoka nyumbani hata mara mbili, akarudi njiani. Aliogopa kumtazama usoni. Mwishowe akamtumia ujumbe wa simu: nimepata dharura, nenda, utashinda. Simu ya Minza ilikuwa imeisha chaji. Alisimama stendi akimngoja mwenzake mpaka kondakta akamfokea apande.

Mwalimu Polikarp aliporudi kutoka Mbeya alimkuta Klementina dukani, anafurahia programu yake inavyofanya kazi.

"Shikamoo mwalimu. Minza je?"

"Marahaba. Hakumaliza." Mwalimu alikaa juu ya mfuko wa mbolea. "Alianza kwa kasi mno. Halafu kila akifika kwenye kona anageuka nyuma, kila kona anageuka. Alikuwa anakutafuta wewe."

Minza aliteremka Ilemba bila kuaga. Kabla mwaka haujaisha aliolewa. Kadi ya harusi ilifika, lakini wakati huo Klementina alikuwa na kazi nyingine mbili, akajiambia atakwenda kumwona baadaye.

Baadaye hiyo ilichukua miaka. Kazi zilimnyookea. Alianzisha kampuni yake, akabuni mfumo wa kuwaunganisha wakulima na wanunuzi kwa simu za kawaida, zile za tochi. Wakulima wa Kate na vijiji vingine vya Nkasi waliacha kuuza mahindi gizani, bila kujua bei. Alialikwa kwenye semina za vijana aeleze alikotoka, naye alieleza vizuri: michezo ilimfundisha nidhamu, uvumilivu, kwenda na mwenzako. Alipofika kwenye neno hilo la mwisho aliishia hapo hapo, akaketi. Watu wakadhani ni unyenyekevu, wakampigia makofi.

Mfumo ulipofika bondeni, Klementina alikwenda mwenyewe. Gari liliteremka ukingo wa milima ya Lyamba lya Mfipa, joto likapanda, na katika mkutano wa wakulima wa mpunga Ilemba akamwona mwanamke mrefu amesimama nyuma, mtoto mgongoni. Mkutano ulipokwisha alimfuata.

"Minza."

"Karibu Ilemba, dada."

Neno "dada" lilimchoma; zamani alimwita Kle. Akaanza kueleza, duka, Jumamosi, ujana, maneno yakagongana. Minza alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Ungeniambia una kazi, ningekwambia nenda," alisema. "Ningekimbia nikijua niko peke yangu. Lakini mimi nilikuwa najua unakuja. Hata huko Mbeya, nilijua utatokea tu."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani, dada. Ningebeba kinyongo na watoto wote nilio nao?" Akacheka kidogo, akamweka sawa mtoto mgongoni.

Klementina alimwomba awe wakala wa kampuni pale Ilemba. Minza alifikiri, akauliza kazi yenyewe ni ipi, akakubali. Leo hakuna wakala anayemshinda: anawajua wakulima kwa majina, na magunia yake hayana mchanga.

Huzungumza kwa simu kila wiki. Huzungumza juu ya mpunga, malori, mtandao uliokatika. Juzi Klementina alijitahidi kusogeza maneno upande mwingine.

"Na wewe mwenyewe huko, Minza, uko mzima? Unaishije?"

Ng'ombe walisikika wakilia kwa mbali.

"Mzima, dada," Minza akajibu. "Sasa lile lori linafika lini?"

Klementina akamwambia siku. Minza akashukuru, akakata simu.