Mkaguzi Kwenye Meza ya Jikoni

Katika nyumba ya wazee ninakosafisha vyumba, huko Ganshoren, kuna mzee mmoja anayejaza mafumbo ya maneno gazetini kwa penseli. Akikosea anafuta kwa raba, kisha anapuliza vumbi lake kwa pumzi fupi. Mimi ndiye ninayelipangusa. Lina harufu ya mpira uliopata joto, na kila ninapolikusanya kiganjani narudi Anderlecht, mtaa wa utoto wangu jijini humu humu, ghorofa ya saba, kwenye meza ya jikoni, nikiwa na miaka kumi na vidole vilivyochoka kufuta.

Naandika polepole, mnivumilie. Jambo hili sijawahi kulisimulia lote.

Kwa miaka mitatu, tangu nilipotolewa shuleni bila kuelezwa sababu, nilisomea nyumbani, na mwalimu wangu alikuwa mama. Asubuhi Papa akishaondoka kwenda kazini ghalani, Mama aliondoa vikombe, akapangusa kile kitambaa cha plastiki chenye picha za malimau, akaomba kwa sauti, kisha akasema, "Bon. Shule imeanza." Tangu hapo hadi saa sita sikuruhusiwa kumwita Maman. Nilipaswa kumwita Madame. Mdogo wangu Bahati, aliyekuwa na miaka mitatu, alijificha chini ya meza na kucheka kila nilipolitamka neno hilo.

Nisimwonee Mama. Alikuwa mwalimu mzuri. Alinifundisha kuhesabu kwa maharagwe kwenye trei ya mayai, kumi kumi, hata nikaweza kuyaona maharagwe nikiwa nimefumba macho. Sura moja ya Biblia tuliisoma asubuhi kwa Kiswahili, na mchana ile ile kwa Kifaransa, ili lugha moja iishike nyingine mkono. Ijumaa tulishuka sokoni, na kabla muuzaji hajataja jumla ya nyanya na vitunguu, mimi nilipaswa kuwa nimeshamnong'oneza Mama sikioni. Kunong'ona niliweza. Mbele ya watu wengine sauti yangu ilikuwa haitoki.

Jumapili baada ya ibada, akina mama waliotamani nao kufundisha watoto wao nyumbani walimzunguka. Aliwapa mashauri bila uchoyo: somo la mtoto mdogo lisipite nusu saa, hesabu kwanza tumbo likiwa limeshiba, vitabu vya maktaba kabla ya vya dukani. "Kitabu kimoja, batoto batano," alisema, nao wakaitikia kana kwamba ni aya. Maana yake ilikuwa kwamba mazoezi yote tuyafanye kwa penseli, na kila Ijumaa jioni tuyafute, ili kitabu kimfae mwingine. Hata madaftari tuliyafuta. Shuleni kwao Uvira, Mama aliandika kwa chaki kwenye kibao, na mtoto aliyerudisha kibao kisafi ndiye aliyesifiwa.

Lakini dirisha la jikoni lilitazama uwanja wa shule.

Saa za masomo pazia lilifungwa, kwa sababu Mama hakutaka majirani waulize mtoto huyu anafanya nini nyumbani. Ufunguo ulizungushwa mara mbili. Kengele ya mapumziko ilipolia, kelele za watoto zilipanda hadi kwetu, nami nilitafuta sababu ya kwenda kwenye sinki, ambapo pazia lilikuwa limepungua upana wa vidole viwili. Kutoka hapo nilimwona msichana wa koti jekundu. Nilimpa jina, Sophie. Tulikuwa marafiki sana. Tuligombana mara mbili na kupatana, naye hakujua lolote.

Niliwahi kumwuliza Mama kwa nini nisiende kule chini. "Hii kazi ni Bwana alitupatia," alisema. Basi ikaisha. Utabishana vipi na Bwana, nawe huruhusiwi hata kushuka ngazi?

Kisha ikaja barua. Papa aliisoma kwa sauti, buti za kazi zikiwa bado miguuni. Mkaguzi wa elimu angekuja kuona jinsi ninavyosoma. Asiporidhika angerudi mara ya pili, na asiporidhika tena, mtoto angeandikishwa shule. Mama alianza kuomba papo hapo. Mimi nilibaki na sentensi ile ya mwisho. Sikuwahi kujua kwamba mlango wetu ulikuwa na ufunguo mwingine.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba aliyebeba kofia ya baiskeli kwapani, akihema, kwa sababu siku hiyo lifti ilikuwa imekufa. Mama alikuwa amekaanga sambusa ishirini. Alimkaribisha kwa heshima zote, kisha akamwekea mbele madaftari yangu ya mwaka mzima, yamepangwa kama mashuka.

Mkaguzi akafungua la kwanza. Tupu. La pili, tupu. Akalinyanyua kwenye mwanga, akaona mikwaruzo tu ya penseli.

"Kazi ya mtoto iko wapi, Madame?"

"Tulifuta!" Mama alisema kwa Kifaransa, uso ukimng'aa. "Yote. Safi kabisa!"

Nakumbuka Mama akisogeza sahani ya sambusa karibu zaidi, kana kwamba tatizo ni kwamba mgeni hajala. Mkaguzi hakuwa mkali. Alinigeukia, akaniuliza kwa upole mwaka huu nimejifunza nini. Koo langu likajifunga. Siku ile, nawaapia, sikujifanya. Akaandika, akala sambusa moja, akasema atarudi masika.

Miezi iliyofuata Mama alibadilika kuliko mimi. Raba aliifungia kabatini. Kila ukurasa ukapewa tarehe, kila daftari likawekwa kwenye katoni ya ndizi, na tulipotoka maktaba aliandika majina ya vitabu kwenye karatasi ya mlango wa friji. Na kwa kuwa niliogopa wageni, aliamua kuwa mgeni. Alivaa sufuria ndogo kichwani badala ya kofia ya baiskeli, akatoka nje, akagonga, akaingia akihema.

"Bonjour, mutoto. Lifti yenu imekufa tena? Na miye mwenye magoti mabaya! Alors, robo tatu ya makumi mbili na ine ni ngapi?"

"Kumi na nane, Madame!"

"Weye, mutoto, sema kwa nguvu, hii sufuria inaziba masikio!"

"Kumi na nane!"

Bahati alibingirika sakafuni kwa kicheko. Nilijibu yote. Sikumbuki wakati mwingine nilipompenda Mama namna ile. Naandika hivyo kwa sababu ya kile kinachofuata.

Masika mkaguzi akaja. Safari hii alifungua daftari, akafungua jingine, akatabasamu. Alisoma hata karatasi ya friji. "Kazi nzuri sana, Madame," alisema. "Sasa ningependa kumsikia mtoto." Akaniuliza robo tatu ya ishirini na nne.

Jibu lilikuwa ulimini, tamu kama pipi. Koo langu lilikuwa wazi, na hilo ndilo ninalotaka mlijue. Chini kengele ililia, uwanja ukajaa, nami nikafikiri: neno moja tu, na pazia litabaki limefungwa mwaka mwingine, na mwingine tena. Nikiwa kimya, nitatoka.

Nikanyamaza.

"Riziki, sema basi," Mama alisema. "Madame ako nangoja. Unajua hii, mwanangu."

Mkaguzi akauliza swali rahisi zaidi, kisha rahisi zaidi ya hilo. Mwishowe akaniuliza jina langu. Sikulisema. Nilitazama kidole cha Mama kikikwaruza limau moja kwenye kitambaa, kikikwaruza, kikikwaruza, mpaka mkaguzi alipofunga faili lake.

Nilipata nilichotaka, ila si pale nilipopataka. Mkaguzi aliandika kwamba mtoto asiyeweza kutaja hata jina lake apimwe. Waliopima waliniogopesha kweli, nikanyamaza kweli, na Septemba basi dogo likaja kunichukua kwenda shule ya watoto wanaohitaji msaada maalum, mbali, upande mwingine wa jiji. Walimu walikuwa wema. Tulikuwa saba darasani. Kila asubuhi basi lilipita kando ya ule uwanja nilioufahamu, nami nyuma ya kioo nilimtafuta Sophie. Cheti cha msingi nilikipata nikiwa na miaka kumi na minne, na hadi leo sina kingine. Kanisani Mama aliacha kusimama na wale akina mama. Alitoka kwa mlango wa pembeni.

Miaka mingi niliamini kosa langu lilikuwa hilo tu, kumwaibisha. Mwaka jana tulikuwa Matonge, kwenye mtaa wa saluni za watu wa kwetu, mimi na Papa, tukingoja dada yangu wa kwa baba mkubwa amalize kusukwa nywele, ndipo Papa akaniambia kama mtu anayezungumzia hali ya hewa.

"Ulikuwa na myaka saba. Walituita shuleni. Walisema: huyu mutoto hasemi, apelekwe kwa ile shule ingine. Mama yako aliwajibu: anasema, ni nyinyi hamusikie. Akachukua koti yako kwenye musumari, mukakuja nyumbani."

"Lakini alisema ni kazi ya Bwana."

"Ungetaka aseme nini kanisani? Mutoto wangu wanasema ni mugonjwa? Alitafuta neno lenye batu wataheshimu."

Kwa hiyo pazia halikuwa la majirani, wala ufunguo haukuwa wa kazi ya Bwana. Mama alikuwa amenificha nisipatwe na neno moja la watu wa shule, kwamba sisemi, na mimi, kwenye meza yake, nilikaa kimya na kulithibitisha neno lile mbele ya shahidi. Yeye hakuwahi kunilaumu. Alidhani alishindwa kunifundisha.

Najua anavyodhani, kwa sababu siku hizi akina mama vijana wamemrudia, kwa simu, nami husikia anavyowajibu. Jumapili iliyopita nilimkuta jikoni, kidole kikibonyeza kitufe cha kurekodi. "Donc, Maman Furaha, tunza madaftari yote. Tarehe juu. Usifanye peke yako, tafuta familia zingine, batoto wacheze pamoja. Na umuzoeze mutoto kujibu wageni. Pale ni miye nilikosa."

"Maman," nilisema mlangoni. "Nilijua. Kumi na nane. Nilijua, nikanyamaza kusudi. Nilitaka kutoka."

Hakuinua kidole. Ujumbe uliendelea kurekodiwa, kimya chetu chote kikiingia ndani yake, na friji ikinguruma. Alinitazama kwa muda mrefu, kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayenipima nguo.

"Hata jina?" aliuliza.

"Hata jina."

Akavuta kiti cha pili kwa mguu, nikaketi. Kisha akaisogeza simu mdomoni, sauti yake ikiwa ndogo kuliko kawaida.

"Maman Furaha, ungali hapo? Ongeza hii. Mbele ya yote, muulize mutoto kama anataka. Na akinyamaza, ungoje."