Neno la Siri la Wakubwa Wawili

Wakati wa vita nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya kutoa mizigo karibu na bandari ya Bujumbura. Wakubwa wangu walikuwa wawili, mmoja wa mtaa wa Kinama, mwingine wa mtaa hasimu wa Ngagara, na miaka ile mkazi wa huku hakukanyaga kule. Ofisini walipendana kama wake wenza. Sefu ilikuwa na kufuli mbili, kila mmoja na ufunguo wake. Mimi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, sikuhesabiwa upande wowote.

Kompyuta ikaja. Wakauza taipu yangu siku hiyohiyo, wakanikabidhi diski ya kuiwekea programu, wakaniambia nikishindwa nirudi nyumbani nikakaange sambusa. Nilikuwa na watoto watatu, na mume aliyevuka ziwa akasahau njia ya kurudi. Niliogopa kweli.

Mashine ilikwenda vizuri hadi ilipodai neno la siri la msimamizi. Msimamizi ni nani, na neno lake la kazi gani? Aliyetunga programu ile aliona taabu kueleza. Wakubwa wakaelewa papo hapo: hii ni sefu nyingine.

"Mama, geukia ukutani," akasema wa Ngagara. "Mi naandika nusu, ye anaandika nusu."

Nikatazama ukuta, mtu mzima mimi. Kisha mashine ikaomba neno la mtumiaji wa kawaida. Hilo wakanitupia mimi.

Wiki mbili baadaye ikafika printa, na siku hiyohiyo boti ya chumvi iliyotaka karatasi zake kabla ya saa sita mchana. Printa haikukubali kuunganishwa na kompyuta bila neno la msimamizi. Na njia ya Kinama ilikuwa haipitiki kwa risasi.

Wa Kinama akapiga kwa simu ya jirani yake. "Apana, siwezi kusema. Ule mwenzangu iko hapo?"

"Yuko, patron."

"Atoke inje kwanza."

Akatoka, amenuna. Nikanong'onezewa nusu ya pili. Wa Ngagara akarudi, akachungulia dirishani, akainama sikioni kwangu na nusu yake. "Mama, usimwambie ule."

Karatasi zikatoka saa tano na nusu.

Baadaye nilibandika maelezo kwenye kasha la diski, kwa atakayenifuata: neno la kwanza ni la anayetengeneza nyumba, la pili ni la anayelala ndani, la kwanza utaulizwa tena, usiligawe. Hakuna aliyenifuata. Kila walipotaka kunifukuza walikumbuka kwamba ningeondoka na neno zima, na wao wenyewe hakuna aliyekuwa tayari kumtajia mwenzake nusu yake.