Maneno Kumi na Moja ya Mama

Dada yangu alianza kuota mchana tangu akiwa mdogo. Ungemtuma kiberiti, akarudi mikono mitupu, macho yakiwa mbali, akauliza neno "meza" lilikaa wapi kabla ya kufika nyumbani kwetu. Mama, aliyekuwa fundi cherehani, alimjibu bila kuinua macho kwenye kitambaa: "Lilikuja na seremala. Haya, kiberiti kiko wapi?"

Ndoto hizo ndizo zilizomlisha baadaye. Alisoma Kifaransa sekondari, akapata ufadhili, akaenda ng'ambo kusoma Kireno na Kihispania, akarudi na shahada ya uzamivu, miwani mizito na masanduku manne ya viatu yasiyo na viatu. Ndani mlijaa kadi. Kila kadi ilikuwa na neno moja la mkopo: bendera, foronya, karata, parafujo. Pembeni aliandika lugha lilikotoka, tarehe aliyolisikia, na kinywa cha nani.

Chuo kikuu kilimpa chumba ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, karibu na tangi la maji, awafundishe vijana lugha zilizozaliwa na Kilatini. Mwaka ukiwa mzuri alipata wanafunzi tisa. Angeanza kueleza kitenzi, halafu akasimama, chaki mkononi, akitazama dirishani wingu likipita taratibu, nao wakimsubiri arudi. Walimwita Bibi Mawingu. Kwa jambo moja tu hakuwa na mawingu: neno haliingii kwenye sanduku mpaka litoke vinywa viwili. "La mtu mmoja ni lake mwenyewe," aliwaambia. "La watu wawili ndiyo lugha."

Sheria hiyo aliivunja kwa mtu mmoja, naye alikuwa mama.

Nilikuwa nikiishi na mama, mimi nikitengeneza redio chumba cha mbele, yeye na cherehani yake ya kukanyaga chumba cha nyuma. Kila Jumamosi baada ya chakula, dada alikuja na kinasa sauti nilichokwisha kumtengenezea mara tatu bila shukrani. Pazia lilijaa upepo na kunywea. Cherehani ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, na mwanga ulitambaa sakafuni mpaka kwenye miguu yao. Mama alimtajia maneno ya kushona aliyoyapata kwa bibi aliyemfundisha kazi, na bibi huyo, alisema, aliyapata kwa watawa wa kigeni. Siku moja akamwambia "sonela": kipande cha uzi kilicho kifupi mno kushonea, kirefu mno kutupa. Dada alifumba macho. Nilidhani amesinzia, kumbe alikuwa na furaha tu.

Jumamosi hizo zilikwenda miaka sita, zikawa sura ya sita ya kitabu chake, sura iliyosifiwa kuliko zote. Kitabu hicho ndicho kingempa uprofesa. Kilikuwa kimebaki kidogo tu kichapwe pale mtu aliyepewa mswada aukague alipoandika: kazi nzuri sana, ila maneno kumi na moja ya sura ya sita yana shahidi mmoja. Wa pili ni nani?

Dada alizunguka kwa mafundi wa mji mzima, kadi mkononi. Hakuna aliyeyajua. Wawili walilipenda "sonela", wakamwomba walichukue.

Jumamosi ile hakuwasha kinasa sauti.

"Mama, hili neno yule bibi alilisema lini?"

Mama aliendelea kupinda pindo. "Hakulisema."

"Nani alilisema?"

"Mimi."

"Na hili?"

"Mimi."

Alimwekea kadi moja moja juu ya kitambaa, zote kumi na moja, na jibu halikubadilika.

"Kwa nini, mama?"

"Ya kweli yaliisha, mwanangu. Yaliisha mwaka ule wa kwanza. Na wewe ulisema yakiisha utahamia kwa fundi mwingine."

Kweli dada alikuwa amesema hivyo, nilikuwepo. Alisema kwa utani, sote tukacheka, na mama alicheka kuliko sisi.

Mimi nami niseme langu. Nilikuwa najua. Kila Ijumaa mama akifua nilimsikia akinong'ona: sonera, soneta, sonela. Nikapiga kimya, kwa sababu Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa keshavaa gauni lake zuri, na mgeni hafiki mpaka mchana.

"Yaache yaende!" nikaropoka. "Unataka kinywa cha pili? Kinywa hiki hapa. Andika: fundi redio, kaka mtu, ameyasikia kwa masikio yake."

Dada alichukua kalamu, akaiinua juu ya kadi. Niliona wazi kwamba alitamani. Kisha akavuta karatasi, akamwandikia mchapishaji pale pale kwenye meza ya kukatia nguo, kwamba sura ya sita iondolewe yote, kwani hajui tena neno lipi ni la kweli na lipi la kubuni.

"Nimekuharibia," mama alisema.

Dada hakukataa. Alikusanya kadi akaondoka, nami nikamchukia kwa hilo wiki nzima. Kitabu kilitoka chembamba. Uprofesa ulikwenda kwa mwingine.

Jumamosi iliyofuata mama hakubadilisha nguo. Alikaa kwenye cherehani na kanga ya kufulia, hashoni. Mchana dada akaingia, hana kinasa sauti, hana daftari.

"Leo sina kitu, mwanangu," mama alimwambia.

Dada akakaa kwenye kiti chake. Mikono ilikosa kazi, akaitazama, akaiweka magotini. Watu wawili waliokaa pamoja miaka sita hawakujua waanzie wapi.

"Mama," akasema mwishowe, "u mzima?"

Mama alifikiri kwanza, maana swali lilikuwa geni.

"Mguu huu wa kukanyagia unaniuma. Mwaka wa pili sasa."

"Mwaka wa pili! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unauliza ya kushona tu."

Dada alishuka kwenye kiti, akakaa sakafuni, akaupakata ule mguu na kuanza kuukanda, machozi yakimtoka. Mimi nikarudi kwenye redio zangu, nikafunga mlango.