Ticha Aliyejifanya Hajui Kikorea

Zolile Maqungo amewadanganya watoto wa Shule ya Msingi Songdang kwa miaka kumi na mitatu. Aliwaambia hajui Kikorea. Anakijua. Shule inafungwa keshokutwa, na bado hajawaambia.

Saa sita na robo mchana, Jumatano, yuko bwaloni na trei yake ya chuma: wali, supu ya mwani, ngisi wa kukaanga na kabichi iliyochachushwa. Bwalo lina viti themanini. Viti vinavyokaliwa ni vinne. Mbele yake wameketi wanafunzi wote wa shule, yaani watatu, na wanamzungumzia yeye kana kwamba hayupo.

"Ona Ticha anavyokula," anasema Jun-beom wa darasa la sita. "Kama katoka jela jana."

"Mwache, masikini, hana mke wa kumpikia," anajibu Ga-on, msichana wa darasa hilohilo.

"Si yupo yule bibi mwenye nyumba?"

"Bibi yule ana miaka themanini na mitatu!"

"Basi ndiyo saizi yake."

Kadogo ka darasa la nne kanacheka mpaka supu inatokea puani. Zolile anatafuna ngisi taratibu, macho kwenye trei. Anang'ata shavu kwa ndani. Ni kazi aliyoizoea.

"Hiyo ya jela niliisikia hata kwa kaka zao," anasema baadaye, peke yake chumba cha walimu. "Utani unarithiwa hapa, kama sare za shule."

Ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa Komani, Afrika Kusini, na alikaa na cheti chake cha ualimu miezi kumi na tisa bila kazi kabla ya kupanda ndege. Alifika Haenam, kusini mwa Korea, Machi 2009, theluji ikiwa bado imelala juu ya mashamba ya kabichi, akiwa amevaa koti la mjomba wake. Mshahara ulikuwa won milioni mbili na laki moja kwa mwezi, na shule ikamlipia chumba nyumbani kwa Bibi Mo Gwi-nam. Wadogo zake wawili walisomeshwa na pesa hiyo.

Watoto hawakuweza kutamka jina lake. Wakamwita Ticha Jo, na Jo kwa Wakorea ni jina la ukoo. Wazee wa kijiji nao wakaanza kumuuliza yeye ni wa ukoo gani wa kina Jo, kisha wanacheka wenyewe.

Sheria aliipata siku ya kwanza. Mwalimu mkuu wa wakati huo, Bwana Bong, alimkalisha chini, akampa kahawa ya pakiti, akamwambia kupitia kwa Mwalimu Tak Mi-suk, mwenzake darasani: "Hapa wewe hujui Kikorea. Mtoto akijua unaelewa, hatasema Kiingereza hata neno moja. Ukivunja hilo, Februari unafungasha."

Siku zile haikuwa shida, kwa kuwa kweli hakujua. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na umekuwa hivyo mpaka leo.

Lakini jioni alikula na Bibi Mo. Bibi hakuwa na sheria yoyote. Alimfundisha jina la kila kitu mezani, akampiga kijiko mkononi alipokosea. Mwaka wa tatu ulipokwisha, Zolile alikuwa anaelewa kila kitu, na anaongea kama bibi kizee wa mkoa ule wa Jeolla, kwa sababu hakuwa na mwalimu mwingine.

"Nilimwambia ajifiche," anasema Bibi Mo. "Mwanamume mzima, anaongea kama mimi. Nilimwonea aibu!"

Basi akajificha. Dukani alinyoosha kidole kama bubu ikiwa kuna mtoto karibu. Akiumwa, alienda hospitali ya mji wa mbali. Na darasani akasikiliza.

Anapoikumbuka miaka ile sura inamlegea. Shule ilikuwa na watoto sitini na wanne. Asubuhi, viatu vilijaa mlangoni mpaka ulitafuta pa kukanyaga, na ndala za ndani zilipigana kofi na sakafu ukumbi mzima. Siku ya michezo kijiji kizima kilikuja na mikeka. Mababu walivuta kamba dhidi ya walimu na kuwashinda, kisha wakawanywesha pombe ya mchele. Wakati wa baridi watoto walijikusanya kwenye hita mwishoni mwa darasa na kuongea siri zao zote, yeye akiwa katikati yao anasahihisha madaftari.

"Nilijua nani anampenda nani. Nilijua baba yupi analewa. Nilijua nani kakojoa kitandani," anasema. "Nadhani hakuna mwalimu Korea nzima aliyewajua watoto wake kama mimi. Na sikuwa na ruhusa ya kumwambia hata mmoja pole."

Kati yao alikuwepo Pyo Seo-rin. Alianza darasa la kwanza mwezi uleule Zolile alipofika, na kwa miaka minne alikuwa kivuli chake. Alimbebea chaki. Alimfundisha kukunja karatasi iwe korongo. Alikuwa akimwongelesha Kikorea moja kwa moja, bila kusubiri jibu, jinsi watu wanavyoongea na paka.

Mama yake Seo-rin, Thoa, ni Mvietinamu. Aliachana na mumewe, akaenda kuosha vyombo katika mgahawa mmoja Gwangju. Seo-rin alibaki kwa bibi yake mzaa baba, naye akamkataza Thoa kukanyaga kijijini.

Novemba 2013, Seo-rin akiwa darasa la tano, alikaa kwenye hita na rafiki yake Ha-ram. Zolile alikuwa hatua moja kutoka kwao.

"Jumamosi naenda Gwangju kwa mama," alisema Seo-rin. "Pesa za bibi ziko kwenye friji ya kabichi, chini ya debe. Nachukua nauli tu."

"We kichaa. Ticha atasikia."

"Huyu? Huyu ni kama meza."

Zolile hakulala vizuri siku mbili. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, peke yake, basi la saa moja na nusu, mji wa watu zaidi ya milioni. Angemwambia Mwalimu Tak, ingejulikana kuwa anaelewa. Asiposema, na mtoto akapotea?

Ijumaa baada ya masomo alikwenda uani kwa kina Pyo. Ilikuwa siku ya kuchachusha kabichi za msimu wa baridi, na wanawake wa kijiji kizima walikuwa wamechuchumaa pale na glavu nyekundu za mpira, kabichi mia tatu zimelowekwa chumvi. Aliomba kwa ishara kuongea na bibi wa Seo-rin faragha. Bibi akasema yeye hana faragha, ana kabichi. Basi akasema palepale, kwa Kikorea, mbele ya wote.

Kisha mwanamke mmoja akasema: "Toba! Marehemu mama mkwe wangu amerudi." Uani pakalipuka kicheko. Bibi wa Seo-rin peke yake hakucheka. Alivua glavu, akaingia ndani kuangalia friji.

Wanawake wale walipatana kabla jua halijazama: watoto wasijue, wala Bwana Bong asijue. Walimtunzia siri ile miaka kumi na mmoja. Kijiji ambacho mbuzi akizaa upande huu, upande wa pili wanajua rangi ya mwanawe, kilifunga mdomo kwa ajili yake.

Seo-rin hakwenda Gwangju.

Jumatatu asubuhi alimsubiri Zolile mlangoni mwa darasa. Ha-ram alikuwa ameapa kuwa hakusema. Aliyebaki ni meza.

"Ticha," alisema kwa Kikorea, polepole, akimtazama machoni. "Kumbe unaelewa."

Mwalimu Tak alikuwa anakuja, hatua chache nyuma yake. Zolile alitabasamu, akainua mabega, akamjibu mtoto kwa Kiingereza kwamba haelewi.

"Hilo ndilo," anasema. "Kumwambia bibi yake, leo ningefanya tena. Lakini alinipa nafasi ya kuwa mtu, nami nikaogopa mkataba."

Asilolijua siku ile alilijua Desemba, jikoni kwa Bibi Mo. Thoa alikuwa amempigia binti yake kwa siri. Vibali vyake vilikuwa vimekwisha na alikuwa anarudi Vietnam Jumatatu ileile. Alimwambia mtoto apande basi, wakae pamoja siku moja. Hakumwambia bibi kwa sababu alijua angekataliwa. Alimsubiri kituoni mwenyewe. Zolile alikuwa amesikia nusu ya habari, akaifanyia kazi kama nzima.

Ijumaa, siku ya kufunga shule, wanafunzi wa zamani wanakuja na magari kutoka Mokpo, Gwangju na hata Seoul. Wanapiga picha kwenye viti ambavyo havitoshi tena makalio yao. Bendera inashushwa na Jun-beom, ambaye Machi ataanza kupanda basi kwenda shule ya mjini na wenzake wawili.

Mwalimu mkuu wa sasa anamkaribisha Ticha Jo aseme machache. Mwalimu Tak, mwenye mvi sasa, anasimama kando yake ili atafsiri, kama kawaida. Zolile anamgusa mkono, anamwomba akae.

Kisha anaongea Kikorea. Anawaambia anakijua, tangu lini, na kwa nini alificha. Anaomba radhi na kuinama mpaka kiunoni.

Jun-beom ndiye wa kwanza kupata sauti.

"Anaongea kama nyanya yangu!"

Watu wanacheka mpaka wanashikana. Ga-on amesimama juu ya kiti.

"Ticha! Ile siku niliyosema unanuka vitunguu saumu?"

"Nilisikia."

"Na ile ya Bibi Mo?"

"Nilisikia. Naye nimemwambia. Amesema yuko tayari kama wewe utatoa mahari."

Jamaa wa miaka ishirini na mitano hivi, mwenye tai, ameficha uso kwa viganja. "Nimekwisha," anasema. "Nilimsema huyu miaka mitatu mfululizo." Mwalimu Tak anafuta machozi. Haijulikani kama ni ya kicheko.

Zolile hatoki Haenam. Kuanzia Machi atafundisha shule ya tarafa jirani yenye watoto arobaini. Kwenye usaili alisema mapema kuwa Kikorea anakijua na hataficha. "Mtoto akiniambia anaumwa, nitamjibu," anasema. "Kiingereza chake kikichelewa, kichelewe." Nyumba ni ileile ya Bibi Mo; amekataa kuhamishwa.

Mtu mmoja hakucheka siku ile. Seo-rin ana miaka ishirini na miwili sasa, anafanya kazi kliniki ya meno Mokpo. Watu wanapotoka, anabaki kukunja viti. Zolile anakwenda kukunja naye. Safu nzima inaisha.

"Seo-rin. Siku ile nilikudanganya."

"Najua."

"Ilikugharimu nini?"

"Unataka nikwambie kweli?"

"Nataka."

Seo-rin anaweka kiti chini. Anafungua kiganja na kuanza kukunja vidole kimoja kimoja, bila kupandisha sauti.

"Mama alikaa kituoni tangu saa nne asubuhi mpaka basi la mwisho, saa tatu usiku. Masaa kumi na moja. Alikuwa amenunua koti jekundu la saizi yangu. Alirudi nalo Vietnam. Mahafali mawili hakuwepo. Nilivunja ungo nina miaka kumi na mitatu, sikumwambia mtu mzima yeyote. Nilikaa miaka sita na miezi miwili mpaka kumwona, na nilipomwona nilikuwa nimeshamzidi urefu. Kivietinamu kimenitoka. Tunaongea kwa simu ya kutafsiri, kila mtu na yake."

Kinabaki kidole kimoja. Anakitazama kidogo, kisha anakikunja.

"Na wewe, Ticha. Mwaka mmoja na miezi mitatu nilikuwa bado darasani kwako, na sikukuambia neno. Nilikuwa na mengi ya kukuambia."