Mchele wa Harusi ya Mwanamisi

Kufikia mwezi wa Rajabu, watoto wa mtaa mmoja wa Msambweni walikuwa wamefundishwa jibu moja la kumpa Hanifa akipiga hodi: mama hayuko. Walilitoa kwa adabu, shikamoo ikitangulia, na mara nyingine mama mwenyewe alisikika nyuma ya pazia akiwanong'oneza waseme kwa sauti.

Hanifa alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa madera na sare za madrasa, na kwa miaka ishirini hakuna aliyewahi kumkimbia. Kisha akajiunga na kampuni ya kuuza majani ya chai ya kusafisha damu, dawa ya meno, na soli za sumaku za kutia ndani ya viatu. Bidhaa zenyewe hazikuwa na ubaya. Chai ilikuwa chungu, jambo lililowapa watu imani nayo. Lakini kampuni haikuwa na haja kubwa na muuza chai. Ilitaka mleta watu, na kila aliyeletwa aliandikwa kwenye mguu wa kulia au wa kushoto wa aliyemleta. Mguu wa kulia wa Hanifa ulikuwa na wanawake wawili. Wa kushoto ulikuwa na mumewe, Abdulrahim, ambaye hakuwa na habari kwamba yeye ni mguu.

Aliyemwingiza ni Rispah, mwanamke wa bara mwenye saluni Ukunda. Rispah alimfundisha aandike majina mia ya watu anaowajua, asiamini kukataa kwa mtu mpaka mara ya saba, na asiitaje kampuni anapoalika: mtu aitwe kwa jambo lingine, akishaketi ndipo aelezwe. Hanifa alilelewa kufuata maagizo, na haya aliyafuata yote. Alimweleza jirani yake Chome habari za soli za sumaku hitimani, na hitima ilikuwa ya mkewe Chome.

Hayo watu wangeyasahau. Kilichomharibia ni mchele.

Mchele wa shughuli huchaguliwa nyumbani kwa mwenye shughuli, siku moja au mbili kabla. Wanawake huja na nyungo zao, hukaa mkekani, hutoa mawe na chuya, na habari za mtaa mzima hupepetwa humo humo. Mwaliko huo haukataliwi. Hata waliogombana huja, wakakaa pembe mbalimbali. Hanifa aliona hakuna mwaliko mzuri kuliko huo. Mfunguo sita akawaita wanawake kumi na sita wamchagulie mchele wa maulidi. Walipofika walikuta viti vya kukodi vimepangwa safu, shuka jeupe ukutani, na Rispah na kompyuta yake. Mchele ulikuwepo, kilo mbili, kwenye sinia, ili pasiwe na uongo. Kuondoka kabla ya kuandaliwa ni utovu wa adabu, basi wakaketi, wakaandaliwa chai ya kusafisha damu. Wawili walijiunga kwa haya. Waliobaki walirudi makwao na nyungo zisizoguswa na punje.

Sasa posa ya bintiye, Mwanamisi, ilikuwa imejibiwa na nikaha imewekwa Ijumaa. Hanifa akazunguka kualika watu waje kuchagua mchele. Waliompokea walisema inshaallah, kwa ile sauti ambayo ukiisikia unajua mtu haji. Mwinga, mshona makuti wa nyumba ya tatu, aliuliza kama safari hii watakaa mkekani au vitini.

Abdulrahim alisema Ukunda kuna wapishi wa kukodi. Hanifa alikataa. Harusi ambayo majirani hawakuuchagua mchele wake haisemwi siku ile peke yake. Husemwa mpaka bibi harusi apate wajukuu. Mwanamisi hakumlaumu mamake. Aliuliza tu nyumbani mna nyungo ngapi. Zilikuwa mbili.

Rispah naye alipiga simu.

"Dada, harusi ni watu mia mbili, na wanakuja wenyewe. Nipatie tu dakika kumi baada ya kula. Mtu ameshiba hawezi kimbia."

Hakuwa mtu mbaya. Alitakiwa kupata watu wanne kabla ya mwisho wa mwezi la sivyo ashushwe cheo, na hilo alilisema wazi.

"Sikupi hata moja," Hanifa akasema. "Na kuanzia leo, anayetaka chai atanikuta kwenye cherehani. Mimi siendi kwa mtu."

"Hiyo si biashara, Hanifa. Hiyo ni duka."

"Basi na liwe duka."

Akatoka, akaenda kwa Dama, jirani yake wa ukuta mmoja, waliyesoma naye chuo cha Kurani tangu wadogo na ambaye alikuwa mmoja wa wale kumi na sita. Mtoto akamwambia mama hayuko. Dama alionekana uani akimenya mihogo. Hanifa akaketi barazani kumngoja asiyekuwepo, mpaka Dama akachoka kutokuwepo, akatoka.

"Sikuja kukualika," Hanifa akamwambia. "Naomba mchele wa Mwanamisi uchaguliwe kwako. Watu uwaite wewe. Mimi nitakuja kuchagua kama wenzangu."

"Mama wa bibi harusi uende kwa watu kuchagua mchele wako mwenyewe?"

"Kwangu hawaji, Dama. Ningekuwa wao, hata mimi nisingekuja."

Dama akafuta mikono kwa leso, polepole, kidole kwa kidole.

"Lete gunia. Na ukifungua kinywa kuhusu damu ya mtu, nakutoa mbele yao."

Jumatano walikuja kumi na wanne. Hanifa alikaa karibu na mlango, palipovuliwa viatu, ambapo hukaa mgeni asiyejulikana vizuri. Saa nzima ilisikika mipepeto tu. Kisha Shutu, mke wa muadhini, akaanza.

"Bi Hanifa, mbona leo huisemi ile chai yako?"

Nyungo zote zikasimama.

"Leo nina mchele."

"Na kama nina haja nayo?"

"Utanikuta kwenye cherehani. Kama huna haja nayo, pia karibu."

"Tuone kama atafika adhuhuri bila kuitaja," Mwinga akasema, na wakacheka. Hanifa alicheka pia, nyuma yao kidogo.

Adhuhuri ilifika, ikapita. Gunia lilikwisha baada ya alasiri, na Dama akauliza masufuria yatawekwa wapi Ijumaa. Hanifa akasema, kama si udhia, hapo hapo uani kwa Dama.

Mwinga akakung'uta ungo wake.

"Kwani Mwanamisi kazaliwa na Dama? Bibi harusi hutoka kwao. Masufuria yatakaa kwa Hanifa, na kuni ziletwe kesho."

Wakaanza kubishana kuhusu kuni, za mkanju au za mvinje, na nani ana mkokoteni. Ubishi ulikuwa mkali na mrefu, na hakuna aliyemuuliza Hanifa anaonaje.