Chumba cha Makoti ya Usaili

Wifi yangu ana chumba chuoni, chini ya ngazi za maktaba. Wahitimu huenda huko wakishamaliza kupigwa picha wamevaa kofia. Kofia hurudishwa, picha hutundikwa sebuleni kwa wazazi, na baada ya muda mwenye picha anakuja kugonga mlango wa wifi. Mlangoni pameandikwa "Huduma kwa Wahitimu". Ndani mna meza, viti visivyofanana, kompyuta inayowaka ikijisikia, mashine ya kuchapa na ubao. Kwenye ukuta wa nyuma kuna bomba refu la chuma, nililitoa mimi kwenye duka langu la vifaa vya ujenzi, na juu yake yametundikwa makoti.

Makoti hayo aliyakusanya kwa ndugu na marafiki bila haya. Akija kwako kukujulia hali, huku unamwandalia chai yeye anaangalia kabati. La mume wangu, ambaye ni kaka yake, lilichukuliwa akiwa safarini. Ndilo koti alilonioa nalo. Sasa limekwenda kwenye usaili mara nyingi kuliko lilivyokwenda harusini, na kama limewahi kumpatia mtu kazi sijui. Mimi lilinipatia mume, na hata hiyo nayo ni kazi.

Mhitimu akiitwa kwenye usaili, anapita kwa wifi kuchagua koti, anapiga pasi pale pale, anachapa wasifu wake bure, halafu anafundishwa. Kufundisha ndiko kulikommaliza nguvu mwanamke huyu. Anawafundisha kuingia, kusalimia, kusubiri waambiwe kaa, kuweka mikono juu ya magoti. Kisha majibu. Kwa kila swali alikuwa na jibu lake moja, limenyooshwa kama shati, na mtu hatoki mpaka alitoe bila kukwama.

Ili umwelewe lazima ujue alikotoka. Alipomaliza chuo yeye mwenyewe alikuja kukaa kwetu, akawa analala kwenye chumba nilichowekea sampuli za vigae. Alikaa mpaka watoto wangu wakadhani shangazi ni sehemu ya nyumba. Siku alipoitwa kwenye usaili wa kwanza wa maana, jopo likamuuliza kwa nini anaitaka kazi ile. Akajibu, "Nimechoka kukaa kwa kaka." Wakacheka mpaka mmoja wao akavua miwani ajifute macho. Wifi alirudi akaingia kwenye vigae vyake, hakutoka hata kula. Kuanzia hapo akawa anakaa mbele ya kioo changu anatunga majibu, anayapima, anayakata, anayashona upya. Alipoitwa tena, chuoni hapo hapo, aliyasema yote na akachukuliwa. Wakampa chumba cha wahitimu kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka.

Basi yeye aliamini ni majibu yale yaliyomvusha. Na wahitimu wake wa mwanzo kweli walipata kazi, maana wakati huo maneno yalikuwa mapya mjini. Akaendelea kuyagawa. Mwaka baada ya mwaka yakaanza kuchakaa viwiko, na yeye hakuona, kwa sababu hakuwahi kukaa upande wa pili wa meza.

Wakati huo huo akachakaa na yeye. Wazazi walikuwa wanampigia simu kana kwamba kazi za nchi nzima amezifungia kwenye droo. Waliokosa walirudisha koti na kukaa kwenye kiti kando ya meza yake, wakasema mambo ambayo nyumbani hawawezi kuyasema. Akija kwetu Jumapili alikuwa anasinzia na kikombe mkononi. Mume wangu akimwambia apumzike, anajibu kwamba ofisini atapumzika.

Mwaka huu mkuu wa idara ya wanafunzi akamwita. Akamweleza kwa upole kwamba chumba kile kinatakiwa kwa mashine kubwa ya kutoa nakala, kwamba wahitimu wanaingia na kutoka lakini haijulikani wanakwenda wapi. Kama kabla ya mahafali yajayo wifi hatamwonyesha waajiri wa kweli, watu wenye maduka na sura, waliokuja wakachukua vijana, chumba kinafungwa na yeye anahamishiwa masjala. Wifi akaja dukani kwangu, akakaa juu ya boksi la vigae, akaniambia yote hayo bila kupandisha sauti. Akaniomba nimletee watu wa mtaa wangu.

Sikumbembeleza mtu. Nilikwenda kwa mwenye duka la magodoro, bwana mnene mwenye maneno mengi, ambaye kila siku analalamika kwamba ndugu wa mkewe wamemjazia duka watu wa kulala juu ya bidhaa. Nikamwambia aje achague mtu mwenyewe badala ya kuletewa. Akakataa. Nikamwambia ghala langu lina nafasi msimu huu wa mvua, na magodoro yake hayapendi maji. Akauliza usaili unaanza saa ngapi. Kwa mwenye duka la dawa sikuhitaji hata ghala. Alikuwa ameachwa na msaidizi wake, na kichwa kinamuuma kuliko wateja wake.

Siku ilipofika tukakaa watatu nyuma ya meza. Wifi akakaa pembeni, karibu na makoti. Mkuu wa idara akachungulia, akasema atarudi mwisho kusikia matokeo. Kwenye ukumbi mwembamba wa nje vijana walikuwa wamejipanga, kimya kama wagonjwa.

Wa kwanza akaingia, akasalimia, akasubiri, akakaa, mikono magotini. Akashukuru kwa nafasi ile adhimu ya kujieleza. Alipoulizwa udhaifu wake, akashusha pumzi kidogo, akasema udhaifu wake ni kwamba akianza kazi hawezi kuiacha mpaka iishe. Mwenye dawa akaandika kitu. Nami nikaona amejibu vizuri.

Wa pili akashukuru kwa nafasi ile adhimu. Na yeye hawezi kuiacha kazi mpaka iishe. Alishusha pumzi mahali pale pale.

Wa tatu alipofika kwenye udhaifu, mwenye magodoro akaanza kusema naye, kwa pamoja, kama watu wanaosali. Kijana akaishia njiani. Kisha akaingia wa nne, na mwenye magodoro akamtazama juu mpaka chini.

"Koti hili nimeshaliona," akasema. "Bado lina joto la mwenzako."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wanavuana makoti mlangoni. La mume wangu lilikuwa limeshaingia mara mbili.

"Na maneno nayo mnavuana?" akauliza. "Jamani, mimi nimekuja kuchagua mtu. Huyu mtu mbona ni mmoja?"

Kijana akacheka kwa woga, akatoka. Mwenye dawa akafunga kalamu yake. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba duka ameliacha na mdogo wake asiyeweza kutofautisha dawa ya kikohozi na dawa ya panya, kwa hiyo yeye angeomba kutangulia. Akasimama. Akitoka yeye, wa magodoro naye anatoka, na chumba kimekwenda. Nilikuwa natafuta cha kumzuia nacho, kwa kuwa mtu aliyesimama bei yake hupanda, ndipo wifi akasimama pia.

Uso wake ulikuwa umekauka. Alikuwa amesikia sauti yake ikitoka kwenye vinywa vya watu, pamoja na ile pumzi, ambayo ni pumzi yake mwenyewe, maana anasumbuliwa na kifua.

"Maneno ni yangu," akasema. "Hao hawana kosa. Nipeni muda kidogo niongee nao."

Mwenye dawa akabaki amesimama, lakini hakutoka. Mlango uliachwa wazi, tukawa tunasikia kila kitu. Wifi aliwaambia waliobaki wavue makoti. Wakavua. Akawaambia wasahau majibu yote aliyowafundisha.

Kisha mmoja wao akaongea, yule wanayemwita Profesa kwa sababu ana shahada mbili na hana kazi hata moja.

"Mwalimu, umetufundisha mwaka mzima. Leo unatunyang'anya mlangoni?"

"Ndiyo. Samahani."

"Sasa tuseme nini?"

"Semeni kweli."

"Kweli ipi?"

Sisi ndani tukawa tunaangaliana.

"Ile mnayoniambia mimi mkirudi mmekosa," akasema wifi.

Akaingia msichana mwembamba, amevaa blauzi tu, mikono hajui aiweke wapi. Mwenye magodoro akamuuliza kwa nini amchukue yeye. Msichana akasema hajui kama atamchukua. Amesomea takwimu na mpaka leo hakuna aliyemuuliza habari ya takwimu. Lakini mama yake anaumwa miguu, kwa hiyo yeye ndiye anayegombana na mafundi, na mwenye nyumba, na jirani anayemwaga maji mlangoni kwao. Amezoea kuongea na watu wenye hasira, na wakiondoka wanakuwa wametulia.

Mwenye magodoro akaacha kuegemea kiti. Kwake kila siku kuna mtu amerudisha godoro akidai limebonyea kabla ya kulaliwa.

"Na udhaifu?"

"Asubuhi siongei. Mpaka kama saa nne hivi."

"Kabla ya saa nne," akasema mwenye magodoro, "hata wateja wangu hawajaamka."

Mwenye dawa akakaa.

Usidhani kuanzia hapo mambo yakawa matamu. Kweli ina hasara zake. Kijana mmoja alisema hapendi kutumwatumwa, na mwenye dawa akamshukuru kwa kumwambia mapema. Mwingine alianza kulia, ikabidi nimpe maji. Profesa alipoulizwa udhaifu wake alifikiri sana, akasema, "Nimechoka," akasubiri kama kuna maneno mengine yanakuja. Hayakuja. Akasimama, akatushukuru, akatoka. Mwisho wa yote mwenye magodoro alimchukua yule msichana kwa majaribio, na mwenye dawa akachukua kijana aliyekiri kwamba husoma maandishi ya kila chupa na kila boksi hata kama hayamhusu, mpaka nyumbani wanamkataza. Mimi sikuchukua mtu. Dukani sikuwa na nafasi, na kumchukua kijana kwa huruma ni kumpotezea muda wake wa kutafuta.

Mkuu wa idara akarudi. Kusikia ni wawili tu akakunja midomo. Akasema juhudi zimeonekana, hata hivyo mashine imeshaagizwa na haiwezi kukaa barazani. Hapo nikaona pa kuingilia. Nikamwambia iletwe, iwekwe pale pembeni penye kompyuta mbovu. Wanafunzi wataijaza kila siku kwa nakala zao, na yeye ataweza kusema mashine imepata mahali na wahitimu wamebaki na mlango. Wahitimu watoe nakala bure. Akasema bure haiwezekani. Nikasema basi bure kwa karatasi za kuombea kazi tu, na wafanyabiashara wangu watarudi kabla ya mahafali, maana sasa wameijua njia. Mwenye magodoro, aliyekuwa anafikiria ghala langu, akaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza sentensi. Mkuu akakubali. Akampa wifi mkono, akampongeza, akasema tutaendelea na huduma hii muhimu.

Watu walipoondoka wifi hakusema asante. Alikuwa anaokota makoti waliyoyaacha kwenye viti vya ukumbini, moja moja, anayakung'uta. Nilidhani angefurahi hata kidogo. Nikamwambia chumba kimebaki, masjala haendi.

"Nimesikia, wifi."

"Mbona kama umefiwa?"

Akatundika koti, akalinyoosha mabega.

"Nilijua leo ndiyo mwisho," akasema. "Nilishaanza kufikiria masjala. Faili haliji kukulilia. Ningelala mpaka jua liwake, siku moja tu."

"Ungetaka nishindwe?"

"Hapana." Akafikiri. "Sijui. Ningetaka mtu aniulize kabla."

Mimi huwa nina jibu kwa mtu yeyote anayeuza au kununua. Huyu hakuwa anauza wala kununua. Nikamsaidia kukusanya makoti. Nikamwambia nitampeleka nyumbani, njiani asinzie kadiri anavyotaka, sitamsemesha.

Alifunga madirisha, akachukua mkoba wake, tukatoka. Ukumbini Profesa alikuwa bado amekaa, viwiko juu ya mapaja, anatazama viatu. Wenzake walikuwa wameshakwenda. Wifi akapita. Akafika mpaka mwisho wa ukumbi, mkono umeshika mlango wa nje, na mimi nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyeitwa jina lake wakati anajifanya amelala.

Akarudi. Akaweka mkoba sakafuni, akavuta kiti kingine, akakaa karibu na yule kijana bila kumtazama.

"Umechoka na nini?" akamuuliza.

Kijana akatikisa kichwa, kisha akaanza kuongea, polepole, mambo ya kaka zake na ya chakula anachokula bila kukaribishwa. Wifi alifumba macho, lakini alikuwa anasikia, maana kila baada ya muda aliitikia. Nikaenda kukaa garini kumsubiri. Nikateremsha kioo, injini sikuiwasha.