Maji ya Kwanza ya Mtori

Mimi mtu akisema atanishangaza, namcheka. Niliishia darasa la tano, nikabeba magunia ya vitunguu Tarakea mpaka bega likaota sugu, na leo ukifika Shirimatunda ukiulizia nyumba yenye geti la bluu, hata watoto watakuleta. Matapeli wote nawajua kwa harufu. Sasa ngoja nikuambie nani aliniweza: ndizi.

Figo zangu zimechoka. Nasafishwa damu, maji ya kunywa napimiwa kwa kikombe, na mtaalamu wa lishe alinionya kwamba ndizi ina madini ambayo figo mbovu hazitoi, yanaweza kuusimamisha moyo. Ukizidiwa na hamu, akasema, chukua kipande kidogo, kikatekate, kichemshe kwa maji mengi, kisha uyamwage.

Uyamwage! Pasaka nilipanda nyumbani kwetu mlimani, moshi wa kuni ukanipokea mlangoni, nikawa mtoto tena. Bibi anamenya ndizi mshare, maganda tunampelekea ng'ombe, mfupa unatokota tangu asubuhi, kisha anaponda mtori kwa mwiko mpaka jasho linamtoka. "Anayemwaga maji ya ndizi amemwaga nguvu ya nyumba," alikuwa akisema. Mzazi mpya, mtori. Mwenye homa, mtori. Mimi najificha migombani na sufuria, naramba, mbwa ananitazama kwa uchungu.

Siku hizi jiko lile analishika shangazi. Nilikuwa nimemweleza yote kwa simu, akaitikia kila neno.

"Shikamoo shangazi. Maji ya kwanza umemwaga?"

"Marahaba. Nimemwaga, baba. Kunywa bwana, umekonda kama mti wa maharage!"

Nikanywa bakuli, nikaongeza. Jioni miguu ikalegea, moyo ukaanza kurukaruka kama injini yenye maji kwenye mafuta. Ndugu wakanishusha hospitali mjini, shangazi kando yangu garini analia.

"Ruwa wangu, Mungu wangu! Sikumwaga, baba. Mgonjwa ningempaje makapi?"

Wezi wameniibia nikalala usingizi. Lakini huyu alinidanganya kwa mapenzi, nitamshitaki wapi? Siku hizi nikipanda nyumbani nabeba wali wangu kwenye hotpoti, naye ananitazama kama mgeni. Mtori upo, migomba ipo. Kilichoondoka ni kule kupokea bakuli la kwetu bila kuuliza kilichomo.

Kusafishwa damu kwa dharura, sindano na kitanda: shilingi laki nne, elfu kumi na saba na mia tano.